Kamera ya babu inanguruma lakini sindano ya mwanga haisogei: je, itapiga filamu tena?

SWALI: "Marehemu babu yangu alikuwa akirekodi sherehe za familia kwa kamera ya Canon Auto Zoom 814, nasi tumeikuta kabatini nyumbani kwao Mombasa ikiwa ndani ya mkoba wake wa ngozi. Nilipoweka betri nne za AA mota ilinguruma, lakini sindano inayoonekana ndani ya kitundu cha kuangalizia haisogei hata nikiielekeza kamera dirishani. Ndani mna katriji iliyoandikwa Kodachrome 40, na kaunta inaonyesha kwamba imetumika kama nusu. Fundi niliyempelekea anasema kamera imekufa kwa sababu betri zake ndogo zilipigwa marufuku, ila anaweza kuitia mafuta ya cherehani ili 'iamke'. Binamu yangu naye anasema niimalizie ile filamu iliyomo, kwani filamu haiozi. Dada yangu anaolewa Desemba, miezi mitano ijayo, na ningetamani sana harusi yake ipigwe kwa kamera hii. Je, inawezekana, na nianzie wapi?"

JIBU: Mungu amrehemu babu yako. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake mna mambo yaliyochanganyika ambayo yafaa yatenganishwe kabla mtu yeyote hajashika bisibisi. Kamera yenyewe, kwa dalili ulizozieleza, ina matumaini makubwa, na betri ni tatizo lenye ufumbuzi wa bei nafuu. Filamu ambayo babu hakuimaliza, hata hivyo, ndiyo kitu pekee hapo ambacho kikiharibika hakirudi, na ndiyo maana nitaanzia huko ingawa wewe umeitaja kwa kupita tu. Tangu sasa, tafadhali usibonyeze tena kifyatulio maadamu katriji ile bado imo ndani.

Binamu yako amekosea. Filamu huchakaa hata ikiwa imelala kabatini bila kuguswa, na joto na unyevu wa pwani huharakisha uchakavu huo. Lakini hata kama ingekuwa imehifadhiwa kwenye friji miaka yote, Kodachrome ina tatizo lake la pekee. Filamu nyingine za rangi hubeba ndani ya matabaka yake kemikali zinazozaa rangi wakati wa kusafishwa. Kodachrome, iliyoanza kuuzwa mwaka 1935 na kufika kwenye milimita 8 mwaka uliofuata, haikuzibeba. Yenyewe ilikuwa kama matabaka ya filamu nyeusi na nyeupe yaliyolazwa moja juu ya jingine, kila moja likipokea mwanga wa rangi yake, na rangi zenyewe zilitiwa maabarani hatua kwa hatua kwa utaratibu uliojulikana kama K-14. Kodak iliacha kutengeneza Kodachrome 40 ya Super 8, aina ya filamu nyembamba ambayo kamera yako hutumia, mwaka 2005, na maabara ya mwisho iliyokuwa ikiisafisha, Dwayne's Photo ya mji wa Parsons katika jimbo la Kansas, ilipokea filamu za mwisho tarehe 30 Desemba 2010. Ukiimalizia filamu hiyo kwa kupiga harusi, basi, hutapata harusi ya rangi hata ulipe kiasi gani. Utapata picha nyeusi na nyeupe zenye chengachenga, kama utapata chochote.

Hata hivyo, hizo picha nyeusi na nyeupe ndizo zinazonifanya nikusihi uitunze katriji hiyo. Kila fremu ambayo babu aliipiga iliacha alama ya mwanga kwenye chembe za fedha zilizomo ndani ya filamu, na alama hiyo inaweza kuibuliwa kwa dawa za filamu nyeusi na nyeupe, bila rangi. Zipo maabara zilizojikita katika kazi hii ya kuokoa filamu za zamani. Mojawapo ni Film Rescue International ya Indian Head, Saskatchewan, nchini Kanada. Sikuahidi kitu, maana miongo kadhaa ya joto la Mombasa si jambo dogo, na inawezekana ukalipa ukarudishiwa ukanda wenye kivuli cha kijivu tu. Lakini inawezekana pia ukaona ua wa nyumba yenu kama babu alivyouona kupitia lenzi ile, na watu ambao leo hawapo.

Wengi huogopa kutoa katriji iliyotumika nusu wakidhani filamu yote itaungua kwa mwanga. Katriji ya Super 8, ambayo Kodak iliileta mwaka 1965, iliundwa ili mtu wa kawaida asilazimike kuishika filamu kwa mikono: futi 50 za filamu, yaani mita 15 hivi, zimefungwa ndani ya plastiki, na kinachoonekana nje ni kile kipande kifupi kilicho mbele ya kidirisha chake. Andika kwanza namba iliyo kwenye kaunta, kwa sababu kaunta hurudi mwanzo mara katriji inapotoka. Kisha, katika chumba chenye mwanga hafifu, fungua mlango wa kamera, itoe katriji taratibu, na utazame kipande kilicho kwenye kidirisha. Kama kimechapwa neno EXPOSED, filamu ilikwisha; kama hakina maandishi, bado kuna sehemu haijapigwa. Fremu chache zilizokuwa hapo zitaungua, na kwa kuwa babu alitumia fremu 18 kwa kila sekunde, au 24, umepoteza chini ya sekunde moja. Ifunge kwa karatasi ya aluminiamu, uandike juu yake jina la babu, tarehe ya leo na namba ya kaunta, kisha iweke kwenye mfuko usiopitisha hewa ndani ya friji hadi siku ya kuituma.

Sasa tuje kwenye betri. Fundi wako amesema kweli kuhusu marufuku, lakini hitimisho lake si sahihi. Kamera yako ina mifumo miwili ya umeme isiyotegemeana: betri nne za AA huzungusha mota, na betri mbili ndogo za duara, za aina iitwayo 625, hukilisha kipima mwanga. Hizo ndogo zilikuwa za zebaki. Marekani ilizuia uuzaji wake kwa sheria ya mwaka 1996, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ukaziondoa katika biashara ya dunia, kwa sababu nzuri kabisa, kwani zebaki ni sumu. Sindano yako haisogei kwa sababu kipima mwanga hakina chakula. Umemlisha mota peke yake. Bado hatujui kama kipima mwanga ni kizima au kibovu, na hakuna fundi anayeweza kulijua hilo kabla ya kukipa umeme kinaouhitaji.

Na umeme kinaouhitaji ni wa kiasi maalumu, jambo ambalo watu wengi hulipuuza. Betri ya zebaki ilitoa volti 1.35, na iliendelea kutoa hizohizo tangu siku ya kwanza hadi karibu na kufa kwake. Ndani ya kamera kuna kijicho cha madini ambacho ukinzani wake hupungua kadiri mwanga unavyoongezeka. Umeme ukipita kwa wingi, sindano husogea zaidi na kamera hubana tundu la lenzi. Ukiweka betri za kawaida za alkalini za umbo lilelile, zenye volti 1.5, sindano itasogea kupita kiasi, kamera itadhani mwanga ni mwingi kuliko ulivyo, itabana tundu, na picha zitatoka na giza. Betri hizo zikianza kuchoka, volti hushuka kidogokidogo na kosa hugeuka kila wiki. Kwa hiyo alkalini ni nzuri kwa jaribio la dakika tano la kuona kama sindano iko hai, lakini haifai kupigia filamu yenye thamani.

Njia mbili za kudumu zipo. Ya kwanza ni adapta ndogo ya chuma inayobeba betri ya oksidi ya fedha na kuishusha volti hadi 1.35, inagharimu zaidi, unahitaji mbili, na kwa kawaida utaziagiza kutoka nje, lakini ukishazipata unasahau suala la betri kwa miaka. Ya pili, ambayo ningekushauri wewe uanze nayo, ni betri za zinki na hewa zinazotumiwa katika vifaa vya kusaidia kusikia, ukubwa wa 675, zile zenye kibandiko cha buluu. Zinapatikana kwenye maduka ya vifaa hivyo na katika baadhi ya famasi. Hutoa volti 1.4 zilizotulia, ambazo ni karibu sana na za zebaki. Ni nyembamba kuliko 625 kwa milimita nne hivi, kwa hiyo izungushie pete ya mpira au ukanda wa karatasi ngumu ili ikae katikati, bila kuziba vitundu vyake vidogo vya kupumulia. Ondoa kibandiko, isubiri dakika moja au mbili ivute hewa, kisha iweke ukifuata alama za chanya na hasi zilizomo kwenye kichumba. Ukishaondoa kibandiko itaishi wiki chache tu hata usipoitumia, kwa hiyo nunua pakiti mpya kwa ajili ya harusi.

Ukifungua kichumba cha betri ndogo ukazikuta zile za zamani bado zimo, vaa glavu, zifunge kwenye mfuko wa plastiki, usizichome wala kuzitupa jaani, na zipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Kisha chunguza vipande vya chuma vinavyogusa betri. Unga mweupe au wa kijani na buluu ni mabaki ya betri iliyovuja, na mara nyingi huo peke yake ndio ugonjwa wote. Chovya pamba ya masikio kwenye siki kidogo, isiwe inachuruzika, usugue hadi povu liishe, upitishe pamba nyingine yenye spiriti, uache vikauke vizuri, halafu umalizie kwa kifutio cha penseli hadi chuma king'ae. Usitumie msasa, kwa maana unaondoa tabaka la juu ya chuma, na kutu hurudi kwa kasi zaidi.

Kuhusu mafuta ya cherehani, jibu langu ni hapana, na nalisema kwa uzito wote nilio nao. Mafuta yale ni mepesi na hutambaa. Yakiingia kwenye kamera hayabaki kwenye giya ulikoyatia. Hufuata kingo za chuma hadi kwenye shata, yaani kipazia kinachofungulia na kufungia mwanga, na kwenye visu vyembamba vya tundu la lenzi, na joto la kwetu huyasaidia kusafiri. Nimewahi kuifungua kamera iliyokuwa imetiwa mafuta na mtu mwenye nia njema kabisa: visu vya tundu vilikuwa vimegandana kama kurasa za daftari lililolowa, na lenzi ya nyuma ilikuwa na utando ambao kila mwanga mkali uliugeuza kuwa kiwingu cheupe. Kamera hiyo ilikuwa ikitembea vizuri kabla ya mafuta. Yako pia inatembea. Mota inayonguruma haina usingizi wa kuamshwa.

Badala ya mafuta, ipime. Katriji ikiwa imetoka, acha mlango wazi na ubonyeze kifyatulio huku ukimulika kwa tochi ya simu. Pale filamu inapopita utaona ukucha mdogo wa chuma, mwembamba kama ncha ya pini, unaochomoza, kushuka na kurudi ndani. Huo ndio unaoingia kwenye tundu la filamu na kuivuta fremu moja baada ya nyingine. Kando yake kuna kidole kinachozunguka, kazi yake ni kukunja filamu iliyokwisha kupigwa. Kiguse kwa ncha ya kidole chako huku kikizunguka. Kinapaswa kukusukuma kwa nguvu ya upole na, ukikizuia kidogo, kuteleza bila mota kusimama, kwani kina klachi ndani yake. Kama hakizunguki, au kinakoma kwa mguso mdogo sana, filamu itarundikana ndani ya katriji na kukwama baada ya sekunde chache, na wewe utaendelea kusikia mngurumo uleule mzuri ukidhani unapiga. Mara nyingi mtu anaponiambia kwamba kamera yake ilisikika vizuri lakini filamu ikarudi tupu, kidole hiki ndicho ninachokiangalia kwanza.

Halafu tazama lenzi. Weka tochi upande mmoja na jicho upande wa pili, ukizungusha zumu taratibu. Vumbi kidogo halina madhara. Nyuzi zilizotandaa kama utando wa buibui ni ukungu wa fangasi, mgeni wa kawaida katika nyumba za pwani, na mkoba wa ngozi uliofungwa ni mahali pake pa kupenda. Ukiwa kidogo pembeni, picha zitavumilika. Ukiwa umetanda katikati, picha zitakosa makali na wewe hutaweza kuusafisha bila kuifungua lenzi, kazi ambayo si yako. Kuanzia leo ihifadhi kamera nje ya mkoba, ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya jeli ya silika. Watu hupenda kutumia mchele, lakini mchele una vumbi la wanga.

Sindano ikishaanza kusogea, zungusha kamera kutoka kona ya giza hadi dirishani na uone kama inakwenda na kurudi bila kukwama. Baadaye, ukiwa na katriji mpya ndani, linganisha namba ya tundu inayoonyeshwa na ile ya programu ya kupimia mwanga kwenye simu yako, ukiiweka kwenye kasi ya filamu hiyo, yaani namba inayoonyesha wepesi wake wa kupokea mwanga, na kwenye muda wa 1/40 ya sekunde, ambao ndio unaokaribiana na shata ya Super 8 inapokwenda fremu 18. Nasema katriji iwe ndani kwa sababu kamera husoma kasi ya filamu kutokana na mkato ulio ukingoni mwa katriji. Bila katriji, unachopima hakina maana.

Filamu mpya zipo, na hili huwashangaza wengi. Kodak bado inatengeneza katriji za Super 8, na imefikia hata kutoa kamera mpya ya aina hiyo, iliyotangazwa mwaka 2016 na kuja kuuzwa miaka kadhaa baadaye kwa dola 5,495, bei inayokuonyesha uzito wa kile ulichokikuta kabatini. Kuna Tri-X ya nyeusi na nyeupe na Ektachrome 100D ya rangi, ambazo zote mbili hutoka maabara zikiwa picha kamili unazoweza kuziweka kwenye projekta. Kuna pia Vision3, iwe 50D, 200T au 500T, ambazo hutoka zikiwa negativu, yaani picha zilizogeuzwa mwanga kuwa giza na giza kuwa mwanga, na ni lazima ziskaniwe ili zitazamike.

Ektachrome ina rangi nzuri mno, na kama mna projekta ya babu moyo utakuvuta huko. Lakini haisamehi kosa la mwanga, na kamera yenye kipima mwanga cha zaidi ya nusu karne ni kamera ya kukosea. Kwa harusi ningechagua 200T. Kamera nyingi za zamani zilifundishwa kasi mbili tu, 40 na 160, kwa kuwa hizo ndizo filamu zilizokuwa sokoni. Kamera inayoichukulia 200T kuwa ni 160 itaipa mwanga uliozidi kidogo sana, na negativu hufurahia mwanga uliozidi kidogo. Filamu hii imesawazishwa kwa taa za balbu za zamani; nje, juani, kichujio cha rangi ya chungwa kilichojengwa ndani ya kamera huirekebisha, nayo hufanya kazi kama filamu ya kasi ya 125. Hakikisha tu kwamba swichi ya kichujio iko kwenye alama ya jua unapokuwa nje.

Katriji moja hukupa dakika 3 na sekunde 20 kwa fremu 18, au dakika 2 na nusu kwa fremu 24. Haina sauti. Filamu zenye ukanda wa sauti ziliingia mwaka 1973 na zilikwisha kuondoka sokoni, na kamera yako haikuwa ya aina hiyo hata enzi hizo, kwa hiyo vigelegele na nyimbo zirekodiwe kwa simu na kuwekwa chini ya picha baadaye, bila kutarajia midomo ilingane na maneno.

Kusafisha Vision3 si kazi ya studio ya kawaida ya picha. Kwa miongo mingi filamu hizi za sinema zilibeba mgongoni tabaka jeusi la kaboni lililochafua mashine za kawaida, na zina dawa zake, za utaratibu uitwao ECN-2. Njia iliyozoeleka ni kutuma nje: Andec ya Berlin na Pro8mm ya Burbank, California, ni miongoni mwa maabara zinazosafisha na kuskani Super 8. Waandikie kabla ya kununua filamu, uulize bei ya vyote kwa pamoja, yaani kusafisha, kuskani na kurudisha, kwa sababu gharama kubwa huanza baada ya kununua katriji. Usiiweke kamwe filamu ambayo haijasafishwa kwenye mizigo inayokwenda chini ya ndege, kwa kuwa mionzi ya huko ni mikali. Kama kuna ndugu anayesafiri, aibebe mkononi na aombe kwa adabu ikaguliwe kwa mkono, hasa pale penye mashine mpya za kukagulia, ambazo zinaweza kuiharibu kwa kupita mara moja tu. Nyumbani ikae kwenye friji, itolewe saa mbili kabla ya kutumiwa ikiwa bado ndani ya pakiti yake ili isitokwe na jasho la unyevunyevu, na isiachwe ndani ya gari hata kwa dakika ishirini.

Liko jambo jingine ambalo mafundi wa nchi za baridi hawatakuambia. Ikiwa harusi yenu ina usiku wa kupamba, au shughuli ya wanawake ambako hata simu huzuiwa mlangoni, kumbuka kwamba kila fremu ya filamu hii itapita mikononi na machoni mwa watu wa maabara usiowajua. Zungumza na dada yako na mama zako mapema, muamue pamoja kamera iingie wapi na isiingie wapi. Kwa bahati nzuri, kamera hii yenyewe inapenda mchana: kuwasili kwa wageni, watoto uani, mikono ikipakua pilau, bibi harusi akitoka mlangoni asubuhi. Ukumbini usiku, chini ya taa za rangi, 200T itakupa giza lenye vivuli, na 500T itasaidia kwa kiasi tu.

Je, uitegemee kwa harusi? Kama mpigaji pekee, hapana. Harusi hairudiwi, na kifaa kilicholala miaka mingi kinaweza kukwama hata baada ya kupita majaribio yote. Mpeni mpiga video kazi ya kumbukumbu kuu, nawe upige filamu pembeni kama zawadi. Na usipige harusi kabla hujapiga katriji ya jaribio. Miezi mitano inatosha kama hutachelewa: inunue mwezi huu, uipige siku moja, nusu juani na nusu kivulini, ukibadilisha zumu na kuandika kwenye daftari kila ulichofanya, uitume, na ungoje matokeo. Matokeo hayo yatakuonyesha kama lenzi ina makali, kama filamu inatulia inapopita mbele yake, na kama kipima mwanga kinasema kweli. Yakirudi mazuri, katriji tatu au nne zitatosha siku ya harusi.

Kuna hali ambazo ningependa uache kujaribu mwenyewe na umtafute fundi ana kwa ana: ukisikia harufu ya kuungua au mngurumo ukipanda na kushuka, ukiona ukucha hausogei wakati mota inazunguka, kidole cha kukunjia kikiwa legelege, ukungu ukiwa katikati ya lenzi, au sindano ikibaki imelala hata baada ya betri mpya na vyuma safi, kwani hapo huenda waya umeliwa na kutu au kijicho chenyewe kimekufa. Si lazima awe fundi wa kamera za sinema. Aliyezoea kamera za filamu za milimita 35 anajua vipima mwanga vya enzi hiyo, na kwa giya na klachi, fundi saa mwenye subira amewahi kunifaa kuliko wengi wenye vibao vikubwa mlangoni. Mwulize kwanza atafanya nini, na akianza kwa kutaja mafuta kabla hajaifungua na kuitazama, mshukuru na uondoke na kamera yako. Ukimpata wa kumwamini, mpelekee pamoja na betri mpya za aina zote mbili na katriji moja kuukuu iliyokwisha kutumika, iwe ya kujaribia, na umwombe akuonyeshe kwa macho yako filamu ikikunjwa ndani yake. Katriji ya babu iache kwenye friji nyumbani.